Honi Ipigwe

Nyumba ya Dereva Mkuu ilikuwa hatua arobaini kutoka kwenye reli. Alizihesabu mwenyewe siku aliyoinunua, miaka thelathini na moja iliyopita, akiwa amevaa viatu vya kazi na kifua mbele. "Mtu wa reli akalale wapi kama si kando ya reli?" alimwambia mkewe. Mkewe, aliyekuwa juu ya mkokoteni wa mizigo, cherehani upande huu na mtoto upande ule, akamjibu kwamba aliyefunga ndoa na treni katika nyumba hii ni mmoja tu. Wakacheka, wakashusha vitanda. Siku hizo Dereva alikuwa safarini siku nne kwa wiki, na honi aliijua kwa upande mmoja tu, upande wa mkono unaoipiga. Upande wa masikio alimwachia mkewe na watoto.

Miaka miwili iliyopita alistaafu. Walimpa cheti chenye fremu, saa ya ukutani, na hotuba ndefu ya mtu ambaye hakuwahi kumwona. Cheti alikitundika sebuleni mkabala na mlango, ili mgeni asipate taabu ya kuuliza. Mtaa mzima uliendelea kumwita Dereva Mkuu, naye hakumkataza mtu. Ukimwita "mzee" tu aliitika, lakini aliitika polepole.

Sasa basi, kila siku saa saba na robo mchana treni ya mizigo ilifika kwenye kivuko, pale barabara ya vumbi inapokatiza reli bila geti wala kamba, na dereva aliyekuwa ndani alifanya kama alivyofundishwa: ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Saa nane na nusu ilikuja ya abiria. Saa kumi na dakika ishirini ile ya mizigo ilirudi, tupu, na kama mjuavyo debe tupu haliachi kuvuma. Dereva alikaa kwenye kochi amekunja uso, maana nusu ya waliopiga honi ile aliwafundisha yeye, na alikuwa akiwagombeza wakiipiga kwa woga. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wahenga walisema hivyo kabla hata reli haijatandikwa.

Angevumilia kama ingekuwa masikio yake tu. Shida ilikuwa mkewe.

Bi Fundi, ndivyo mtaa ulivyomwita kwa ajili ya ushonaji wake, alikuwa ametoka hospitali wiki tatu zilizopita. Alilazwa siku kumi na mbili. Moyo umechoka, walisema, umevimba upande mmoja, na presha inapanda bila kubisha hodi. Daktari, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alimkabidhi Dereva mfuko wa dawa na mashine ndogo ya kupimia presha, kisha akamwambia: "Baba, dawa ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni usingizi. Asiposhtuliwashtuliwa, atapona. Akishtuliwa kila siku, mtarudi hapa, na safari hiyo siwezi kuwaahidi kitu."

Usiku Bi Fundi hakuweza kulala chali. Kifua kilimbana, akawa anakesha ameegemea mito mitatu, anasinzia na kuzinduka. Usingizi wa kweli ulimjia mchana, akishakula na kumeza dawa, amelalia ubavu wa kulia. Ulimjia saa saba. Na saa saba na robo, ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja. Alikuwa akiinuka mkono kifuani, macho yametoka, hajui yuko wapi, na Dereva akifunga ile mashine mkononi mwake aliona namba ambazo hakupenda kuziona.

Alijaribu kila kitu. Aliziba dirisha kwa godoro la wageni. Alimtia pamba masikioni. Alihamishia kitanda kwenye stoo, katikati ya ndoo na mavitambaa, ambako Bi Fundi alisema anajiona kama bidhaa iliyododa. Honi ilimfuata hukohuko. Kuhamia kwa watoto pia walikufikiria, lakini mkubwa anaishi ghorofa ya nne na wa pili ghorofa ya tano, na moyo ule haukuwa moyo wa kupandishwa ngazi.

"Wewe tulia," Bi Fundi alimwambia. "Utaumwa na wewe, tutauguzwa na nani?"

Lakini Dereva hakuweza kutulia. Alikuwa na jambo lililomchoma, ingawa hakulisema. Kwa miaka thelathini na minne mwanamke huyu alikuwa akilala nusu usingizi, anasikiliza kama mumewe amerudi. Alidhani akistaafu atamlipa usingizi wake. Na sasa muda wenyewe ulikuwa unakwisha.

Bahati, au kile alichodhani ni bahati, ni kwamba mtaa nao ulikuwa umechoka. Mkutano ulifanyika kwa kinyozi, kwa sababu kwa kinyozi kuna viti. Kinyozi ndiye aliyeuitisha. Wiki ile honi ilikuwa imelia wembe ukiwa juu ya jicho la mteja mmoja anayekwenda kuposa, na nyusi ya kushoto ikaenda na maji. "Mtu amekwenda ukweni na nyusi moja!" kinyozi alisema. "Wameniuliza wenyewe, huyu kijana anatushangaa au anatudharau?" Watu wakacheka mpaka wakashikilia viti. Kisha jirani wa Dereva, mwalimu wa shule ya msingi, akasema kwa upole kwamba kicheko kando, iandikwe barua kwa mkuu wa stesheni, fupi, yenye maneno mawili: "Tunaomba honi isipigwe."

"Maneno matatu," kinyozi alisema.

"Matatu basi. Yatosha."

Hapo Dereva Mkuu akasimama. Akawaeleza kwamba hivyo sivyo ofisi inavyoandikiwa. Ofisi ina lugha yake. Ukiiambia "isipigwe" itakuona mtoto anayelia. Ofisi inaambiwa "ipigwe marufuku". Hilo ni neno lenye kiatu. Na zaidi ya hayo, yeye watu wa reli wanamjua, kwa hiyo barua ataiandika mwenyewe, kwa mkono wake.

Mwalimu akatazama dari. Amesahihisha insha za watu miaka ishirini, anajua mtu wa kubishana naye na mtu wa kumwacha.

Nitasema ukweli kuhusu Dereva, maana nampenda lakini siwezi kumfichia. Kanuni ya kivuko aliijua kuliko mtu yeyote mtaani. Alijua kwamba kivuko kisicho na mlinzi lazima kipigiwe honi, na dereva asiyepiga anapoteza kazi, pengine anapoteza na roho ya mtu. Alijua kwamba anaomba jambo lisilowezekana. Ila alidhani jina lake litaiinamisha kanuni kidogo, kwa masaa machache ya mchana tu, kwa heshima ya utumishi wake. Ndiyo maana barua haikuanza na honi. Ilianza na yeye. Ilianza na mwaka alioajiriwa akiwa kijana wa kupaka grisi, ikapanda naye cheo kwa cheo, ikaeleza ile siku ya mafuriko alipoifikisha treni salama ikiwa imechelewa dakika sita tu, ikataja cheti. Mkewe alikuwa kitandani stoo, anamsikia akijisomea kwa sauti.

"Bado hujafika kwenye honi?" aliuliza.

"Nakaribia."

"Treni yako leo inasimama kila kituo."

Alipoifikia honi, ukurasa wa kwanza ulikuwa umebaki mstari mmoja. Aliandika: *Kwa hayo yote, sisi wakazi kwa pamoja na kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba honi ipigwe*. Karatasi ikaisha. Akachukua ya pili, akaandika juu kabisa: *marufuku katika kivuko hiki kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni, kwa kuwa wapo wagonjwa*. Akaendelea na maneno mawili matatu ya kuaga. Karatasi ya tatu ilikuwa ya sahihi za wakazi, thelathini na mbili, pamoja na dole gumba la bibi mmoja ambaye haoni vizuri lakini anasikia vizuri sana. Kesho yake asubuhi Dereva alivaa koti, akatia karatasi kwenye bahasha, akailamba gundi, akaipeleka stesheni mwenyewe. Karani akaigonga muhuri.

Majibu yalikuja siku ya tisa, na hayakuja kwa barua kwanza. Yalikuja kwa mafundi wawili wenye sururu na ndoo ya zege. Walichimba shimo upande huu wa kivuko, wakachimba lingine upande ule, wakasimamisha vibao viwili vya chuma vilivyopakwa rangi ya njano. Kila kibao kiliandikwa kwa herufi nyeusi ambazo hata yule bibi asiyeona vizuri aliweza kuzisoma: PIGA HONI.

Mtaa ulikusanyika. Kabla mtu hajapata la kusema, ilifika saa saba na robo. Treni ya mizigo ilipokiona kibao kipya kikiwaka jua ilipiga mara ya kwanza, ilipofika kivukoni ikapiga ya kwake ya kawaida, na ilipokipita kibao cha pili, dereva, kwa uangalifu wa mtu mtiifu, akaongeza nyingine ya kuagia. Mbwa wote wa mtaa wakajibu.

Barua yenyewe ililetwa jioni na karani kwa baiskeli. Kinyozi aliisoma kwa sauti mbele ya duka lake. "'Kwa heshima ya utumishi wako uliotukuka, ombi la wakazi kwamba honi ipigwe limekubaliwa. Tumeguswa kuona wananchi wanaojali usalama. Madereva wote wameelekezwa kupiga honi kwa nguvu na kwa kurudia.'" Akaikunja taratibu. "Dereva Mkuu, ulituombea nini huko?"

"Niliandika marufuku," Dereva alisema. "Ipigwe marufuku. Niliandika!"

"Iko wapi hiyo marufuku?" mwalimu akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Swali tu la mtu aliyezoea kutafuta maneno yaliyopotea.

Dereva alirudi nyumbani mbio, mbio za mtu wa miaka sitini na miwili mwenye magoti mabovu. Stoo, kwenye kigoda cha dawa, chini ya chupa, ilikuwepo karatasi yenye safu za namba kwa mwandiko wake. Mia na hamsini kwa tisini na tano. Mia na sitini na mbili kwa mia. Usiku ule alipomaliza barua, mkewe alikuwa ameshikwa na kifua, naye akanyakua karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu akaandika vipimo. Akaigeuza. Juu kabisa lilikuwa neno lake lenye kiatu: *marufuku*.

Bi Fundi alikuwa macho, bado anapumua kwa shida kutokana na ile honi ya kuaga. Aliitazama karatasi, akamtazama mume. "Kwa hiyo umewaambia waipige," alisema.

"Nimewaambia waipige."

"Kwa unyenyekevu mkubwa."

"Kwa unyenyekevu mkubwa, mama."

Mwanamke yule alicheka. Alicheka mpaka akaweka mkono kifuani, mpaka Dereva akaogopa, akamsihi anyamaze. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alikuwa amemvuta na mkewe kisimani, na mkewe ndiye aliyekuwa anacheka. Alipompima, kipimo kilikuwa mia na sabini na nne kwa mia na tano. Hakuandika popote.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Watoto wakimwona barabarani walipiga honi kwa midomo. Jina lake liligeuka, akawa Piga Honi, na waliomheshimu zaidi wakamwita Mzee Piga Honi. Hilo alilimeza. Ila Ijumaa alimpeleka mkewe kliniki, na daktari mwembamba akasoma kipimo, akarudia, akavua miwani. "Baba, nilikwambia nini?" alisema. "Nampa mpaka Ijumaa ijayo. Kisipoteremka namlaza." Njiani Bi Fundi alishika mkono wake, akasema hospitali hataki tena. Alisema kule watu waliolala vitanda vya karibu yake waliondoka wawili, na hawakuondokea mlangoni kwa miguu yao. Dereva hakuuachia mkono ule mpaka wakafika nyumbani.

Jumamosi asubuhi alikwenda stesheni, karatasi ya pili mfukoni.

Mkuu wa stesheni alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi. Miaka kumi na tano nyuma alikuwa msaidizi wa Dereva kwenye kichwa cha treni, msichana mkimya mwenye daftari. Alipomwona aliinuka, akatoka nyuma ya meza.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Vipi, honi mnaisikia vizuri sasa?"

Dereva akatoa karatasi, akaiweka mezani, akageuza upande wenye neno. Mkuu wa stesheni aliisoma, akaenda kwenye kabati, akatoa barua ya asili, akaiweka kando yake. Alisoma mwisho wa ukurasa wa kwanza na mwanzo wa wa pili. Midomo ilimcheza. Kisha akaigeuza karatasi, akaona namba, na midomo ikatulia.

"Hizi ni za nani?"

"Za mama."

Alikaa chini. Alimjua Bi Fundi. Sketi ya kwanza ya sare yake ilishonwa na mikono ile. "Mzee, vibao nitaving'oa leo hii," alisema. "Hilo ni kosa letu sote. Lakini hata karatasi hii ingefika, nisingeweza. Wewe ndiye uliyenifundisha. Kivuko hakina mlinzi, honi lazima ilie. Ningekuandikia barua ya kukataa, na ningeandika kwa adabu sana."

"Najua."

"Ulijua, ukaandika?"

"Nilidhani…" Dereva alianza. Alichodhani kilikuwa kimejaa ukurasa mzima pale mezani, kuanzia kijana wa grisi hadi mafuriko, na ukurasa ule ndio uliosukuma neno moja la maana likaangukia karatasi nyingine. Aliona haya. Aliona haya kweli, masikio yakamwaka, na hakuna honi iliyolia.

Baadaye akauliza, "Na kingekuwa na mlinzi?"

"Kingekuwa na mlinzi na bendera, dereva anaona kijani anapita kimya. Lakini nafasi ile iko wazi mwaka wa pili. Hakuna anayeitaka. Kusimama juani, mshahara wa mwisho kabisa kwenye orodha, na hata madereva hawakusalimu." Alijikwaa hapo, maana alikumbuka anazungumza na nani.

Dereva naye alikumbuka. Katika miaka thelathini na minne alipita kwenye vivuko vyenye walinzi mara elfu ngapi, hajui. Watu waliosimama na bendera zao, mvua na jua. Hakumjua hata mmoja kwa sura. Alizitazama bendera tu. Wakati fulani msaidizi wake, msichana mwenye daftari, alimpungia mlinzi mkono, naye akamwambia kwamba mshika bendera hapungiwi, anatiiwa basi.

"Nipe mimi," alisema.

"Nikupe nini, mzee?"

"Bendera. Saa saba hadi saa kumi na moja. Treni tatu. Magoti yataweza treni tatu."

"Hapana. Mzee, hapana. Dereva Mkuu akashike bendera? Watu watanisema mimi."

"Watanisema mimi," Dereva alisema. "Wameshaanza. Nipe, mwanangu. Sikuombi kama mkuu wa kitu. Nakuomba kama mume wa mtu."

Mkuu wa stesheni aligeukia dirishani kidogo, kama anaangalia reli. Kisha akafungua droo, akaanza kutafuta fomu.

Jumatatu Dereva alipewa bendera mbili, nyekundu na kijani, na kizibao cha rangi ya machungwa kilichoshonwa kwa ajili ya mtu mnene. Bi Fundi alikitazama, akasema mumewe hatoki nyumbani hivi. Alikaa kitandani, akakipunguza ubavuni kwa mkono, mishono midogo, akipumzika kila baada ya michache. Ilimchukua asubuhi nzima. Hakuuliza kwa nini Dereva Mkuu amekubali kazi ile, wala Dereva hakueleza. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Haya. Sasa angalau unafanana na mtu." Alikula, akameza dawa, akalalia ubavu wa kulia. Kitanda kilikuwa kimerudishwa chumbani, kando ya dirisha.

Saa saba kasoro tano Dereva alitoka. Kinyozi alikuwa mlangoni mwa duka, kitambaa begani. Alimwona anapita na kizibao, bendera chini ya kwapa, na ulimi haukuweza kujizuia. "Mpanda ngazi hushuka, Dereva Mkuu!"

"Nashuka mwenyewe," Dereva alijibu. "Sijasukumwa."

Kinyozi alitaka kuongeza lingine. Lakini aliitazama ile njia aliyokuwa anaiendea mzee, na dirisha la Bi Fundi lililokuwa upande wa pili, akaliacha hilo. Akaingia ndani akazima redio yake. Hakuna aliyemwambia aizime.

Pale kivukoni mashimo ya vibao yalikuwa yamefukiwa udongo mpya. Dereva alisimama mahali pa mlinzi, akagundua kwamba hajawahi kusimama pale maishani mwake. Reli kutoka chini ni kitu kingine. Kutoka juu, kwenye kichwa cha treni, kivuko ni kitu cha kupita. Kutoka chini treni ndiyo inayokujia. Ilianza kama mtetemo kwenye nyayo. Mwendesha baiskeli alitaka kukatiza, Dereva akainua bendera nyekundu, yule akafunga breki, akanung'unika. Barabara ikawa tupu. Dereva akaishika ya kijani, akainyoosha mkono wote.

Aliogopa. Sitaki kumfanya shujaa, aliogopa sana. Madereva wameelekezwa upya wapite kimya, ndiyo, lakini mkono una mazoea yake, yeye anajua, na mkono mmoja tu ukisahau, Ijumaa mkewe analazwa. Kichwa cha treni kilitokeza kwenye kona. Alimtambua dereva, mwanafunzi wake wa zamani, mnene sasa, mwenye mvi. Aliuona mkono wake ukipanda kwenda kwenye honi. Aliuona ukisimama hewani. Macho yao yakakutana, juu na chini, na yule mtu alimtambua mshika bendera wake, akafunua mdomo. Kisha ule mkono uliokuwa umeinuka hukohuko juu ukapunga.

Dereva hakuweza kupunga, mikono yote ilikuwa na kazi. Aliitikia kwa kichwa. Mabehewa ishirini na saba yalipita na mlio wa magurudumu tu, mlio ambao mtaa ule uliuzoea kama mvua ya mbali. Alipogeuka kutazama dirisha, pazia lilikuwa limetulia.

Ya saa nane na nusu ilipita kimya. Ya saa kumi na dakika ishirini, ile tupu, ilipita inagongagonga mabehewa yake, nayo kimya. Kati ya treni na treni alikaa kwenye jiwe, magoti yanamuuma, hakwenda nyumbani, aliogopa mlango utalia bawaba. Saa kumi na moja alikunja bendera.

Aliingia kwa kunyata, viatu mkononi. Bi Fundi alikuwa amelala. Alikuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda, na alikuwa anakoroma. Anakoroma vibaya sana, mkoromo wa mtu mzima aliyeshiba usingizi. Dereva alikaa kwenye kigoda cha dawa. Mashine ya presha aliiona, hakuigusa. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yatoke, maana hakukuwa na mtu wa kumheshimu pale. Alikaa hivyo mpaka jua likahama kwenye pazia.

Bi Fundi alizinduka mwenyewe. Hakushtuka. Alifumbua jicho moja, kisha la pili, akajinyoosha, akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Mkono haukwenda kifuani.

"Treni leo imechelewa?" aliuliza.

"Zimepita zote tatu."

Bi Fundi aliwaza hilo. Alitazama dirisha, akatazama kizibao cha machungwa na vumbi la kokoto kwenye suruali ya mumewe, na macho yaliyokuwa mekundu.

"Basi kesho," alisema, akigeukia ukuta, "usichelewe kazini."